Posa ya Majaribio

"Wewe! Hicho kitu unanielekezea ni nini?"

Anyona alishtuka, hedifoni zikamteleza hadi shingoni. Alikuwa amesimama katikati ya soko la Daraja Mbili, tena siku ya soko, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hasimami. Ukisimama pale utasukumwa na mkokoteni, na usiposukumwa utauziwa kitu ambacho hukukihitaji. Mkononi alishika fimbo ndefu yenye maikrofoni iliyovishwa manyoya ya kijivu, na ncha yake ilikuwa inakaribia kugusa cherehani ya msichana mmoja chini ya mwavuli uliopauka.

"Samahani. Ni maikrofoni."

"Maikrofoni? Nilidhani ni paka amekufa."

Mama aliyeuza ndizi jirani yao aliangua kicheko. Msichana mwenyewe hakucheka. Alivaa kitenge cha njano chenye maua ya bluu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, nywele zimesukwa mistari hadi kisogoni. Mguu wake ulikuwa bado juu ya kanyagio la cherehani, tayari kuendelea na kazi mara tu mgeni huyu atakapojieleza.

"Narekodi sauti za soko," Anyona alisema. "Ni kazi ya chuo. Nasomea filamu hapa mjini."

"Sauti za soko si ziko hapa kila siku? Mnaenda kuzifungia wapi?"

Badala ya kujibu, Anyona alivua hedifoni akampa. Alifanya hivyo kwa kukosa maneno, maana maneno hayakuwa fani yake. Msichana alizivaa kwa dharau. Kisha uso wake ukabadilika. Alisikia mafuta ya chapati yakichemka upande wa pili wa barabara. Alisikia mtoto akinong'onezwa anyamaze. Alisikia pumzi yake mwenyewe, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Kumbe hivi ndivyo unasikia?"

"Kila siku."

"Ai, si utachoka na dunia!" Alimrudishia vifaa vyake, na sasa alikuwa anatabasamu. "Mimi ni Bathsheba. Wewe nitakuita Masikio."

Yakaanza hapo. Anyona alipanga chumba kimoja mtaa wa Jogoo, chumba chenye kitanda, jiko la gesi na ukuta uliojaa nyaya zake. Alikuwa amezoea kula peke yake na kulala peke yake, na alijidanganya kwamba alipenda hivyo. Sasa kila jioni simu ililia.

"Masikio, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Mkate."

"Mkate si chakula. Mkate ni kitu ya kushikia chai. Unajua kupika saga?"

"Sijui."

"Basi wewe ni mgonjwa. Nitakuletea."

Na kweli alimletea, mboga za saga zimetiwa maziwa, ndani ya mkebe uliofungwa kwa leso. Walikula wakiwa wameketi kwenye ngazi za jengo, wakicheka watu. Bathsheba alimsimulia kuhusu wateja wanaodai wamekonda ilhali futi inasema vingine. Anyona naye alimsikilizisha sauti alizokusanya: mvua juu ya mabati, nyundo za wachonga mawe wa Tabaka, kwaya ya Wasabato ikifanya mazoezi. Alimpa kila sauti aliyokuwa nayo. Neno lenyewe la kumwambia anampenda hakuwahi kulitoa, na kila alipoagana naye alijilaumu hadi mlangoni kwake.

Muhula ulipokaribia kwisha, darasa lao likapewa kazi ya majaribio: filamu fupi, wapige wenyewe, wakosee wenyewe, halafu waseme wamejifunza nini. Mwongozaji alikuwa Valentine, msichana mfupi mwenye sauti kubwa, na hadithi aliyoichagua ilikuwa ya posa. Wageni wanafika kwa mzazi, mzazi anamuuliza binti yake mbele ya wote kama avipokee vitu vyao, binti anajibu. Basi. Walikosa boma na mzee wa kuuliza swali.

"Kwetu kupo," Bathsheba alimwambia Anyona. "Kebirigo ndani. Migomba iko, majani chai imefika hadi barabarani. Lakini enda umuulize baba mwenyewe. Mimi nikimwambia atasema ni mchezo."

Anyona akaenda peke yake, amechomekea shati vizuri. Mzee Obwocha alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, mtu mrefu wa maneno machache, aliyelima majani chai maisha yake yote na hajawahi kuonja kikombe kimoja. Alimpa mgeni kiti kivulini na maziwa ya moto. Anyona akaanza kukagua mahali kama alivyofundishwa. Aliuliza nyumba ina vyumba vingapi. Aliuliza wageni huingilia mlango upi. Aliuliza majirani wako vipi, ni watu wa kelele au watu wa amani. Aliuliza kama kuna ugomvi wowote wa mpaka, maana hakutaka mtu aje kupiga kelele katikati ya kurekodi.

Kila swali lilipojibiwa, uso wa mzee ulizidi kulainika.

"Basi Jumapili ijayo tutakuja na kijana," Anyona alimaliza. "Atakuwa na vitu kidogo mkononi. Tutapiga na picha, mzee, yote tuliyoongea."

"Siku hizi hakuna sherehe bila kamera," Mzee Obwocha alisema, akamsindikiza hadi langoni kwa heshima kubwa.

Hapa ndipo mtu wa Gusii anayesoma hadithi hii ameshika kichwa. Maana kijana anayekuja peke yake kwenye boma lenye binti, akauliza habari za nyumba, za majirani na za ugomvi, kisha akasema kuna mwenzake atakuja na vitu, huyo ana jina. Anaitwa esigani. Ndiye anayetumwa mbele kupeleleza kama watu wa pale ni watu wa kuoana nao. Anyona alilijua neno hilo tangu utotoni. Lakini siku ile alikuwa anafikiria mwanga na kelele, na moyoni alikuwa anafikiria kwamba ameketi kwenye kiti cha baba yake Bathsheba. Neno halikumjia, wala hakukumbuka kumtajia mzee filamu. Na Bathsheba alipopiga simu nyumbani kueleza habari ya chuo, baba yake alimkatiza. "Yule kijana amenieleza yote," alisema.

Jumapili ikafika. Valentine alikuja na kamera, taa, wenzao wachache wa kuigiza wageni, na Bravin, aliyekuwa aigize mchumba. Bravin alikuwa kijana mzuri na alijua hivyo. Alivaa suti ya kijivu na viatu vyenye ncha, akabeba kreti ya soda na furushi la unga na sukari. Aliyetakiwa kuwa binti alipiga simu asubuhi kusema amepatwa na homa. Valentine alizunguka uani akilaani, kisha macho yake yakatua kwa Bathsheba, aliyekuwa ameleta gauni la kijani alilolishonea filamu.

"Wewe livae."

"Mimi? Mimi ni fundi tu!"

"Ni kwenu, ni baba yako, ni gauni lako. Unataka nini tena?"

Bathsheba alimtazama Anyona. Anyona akainua kidole gumba, kwa sababu hakujua la kufanya kingine. Mama yake Bathsheba alikuwa amechinja kuku. Majirani walikuwa wamefika wamevalia nguo zao za kanisani, na hilo liliwashangaza wanafunzi kidogo, lakini Valentine alifurahi. Umati wa bure, alisema.

Kamera ikaanza. Wageni wakaketi, Bravin akasema maneno yake, kisha Mzee Obwocha akasimama. Hakuna aliyempa maneno. Alizungumza polepole kwa Ekegusii, sauti nzito, mikono nyuma.

"Bathsheba, mwanangu. Watu hawa wameleta vitu. Unawajua? Nile, au nisile?"

Anyona alikuwa amepiga goti pembeni mwa kamera, macho kwenye kimashine chake, akiangalia taa ndogo za sauti zikipanda na kushuka. Ndani ya hedifoni alimsikia Bathsheba akivuta pumzi. Halafu jibu.

"Ee, tata. Kula."

Anyona akakaza hedifoni masikioni. Alikuwa amerekodi waigizaji wengi, na alijua sauti inayosoma na sauti inayotoka kwa mtu. Hii haikusoma. Ilitetemeka mwishoni kidogo, ikajikaza.

"Kata!" Valentine alipiga kelele. "Jogoo amewika. Tunarudia."

Wakarudia. Mara jirani akapiga kigelegele kabla ya wakati, mara wingu likapita. Mzee Obwocha alionekana kushangaa kwamba posa inarudiwa, mtu akamweleza kwamba ni mambo ya video, akakubali. Na kila mara binti alijibu kwa sauti ile ile. Kila mara Anyona, kichwa chini, alilisikia jibu likimpita kwenda kwa mwanamume mwenye suti.

Walipokuwa wakirudi mjini Bravin alikunja tai, akaitia mfukoni akacheka. "Mmeskia venye dem alijibu? Wasee, hiyo haikuwa script. Ameingia box kabisa, amenipenda."

Anyona aligeukia dirisha asionekane. Aliumia, na aliumia zaidi kwa sababu aliyaamini maneno ya Bravin. Bravin hakuwa na masikio, lakini yeye alikuwa nayo, na masikio yake yalikuwa yamesikia jambo lile lile.

Jioni ile simu ililia, akaitazama hadi ikanyamaza. Kesho yake hivyo hivyo. Alipopokea hatimaye, ilikuwa mchana, na nyuma ya sauti ya Bathsheba alisikia cherehani ikienda.

"Masikio, umepotelea wapi? Kuna shida nyumbani. Baba anauliza watu watarudi lini."

Anyona aliwaza Bravin na suti yake. Kwa hiyo imefika huko. "Muulize Bravin."

"Bravin? Bravin anaingiliaje?"

"Si yeye ndiye mwenye posa."

Cherehani ikasimama. Kelele za soko zikajaa kwenye simu.

"Sawa," Bathsheba alisema. "Sawa, Anyona." Hakumwita Masikio. Akakata.

Kuanzia hapo jioni zikawa ndefu. Alinunua mkate akaula kwa kuumega, amesimama. Chuo kilifunga, wenzake wakaenda makwao, jengo zima likabaki na yeye na mlinzi aliyelala mchana. Alijaribu kusikiliza sauti zake za zamani akagundua kwamba kwenye karibu zote Bathsheba yumo, anacheka pembeni, anauliza hiyo ni nini. Akazima. Kuna siku alikaa tangu asubuhi hadi giza bila kutamka neno moja kwa mtu yeyote, na alipojaribu kusalimu mwenye duka sauti ilimkwama.

Muhula ulipofunguliwa, Mwalimu Nyangau aliwakusanya kwenye chumba cheusi chenye kitambaa kikubwa ukutani, akaonyesha filamu zao moja baada ya nyingine. Ya posa ilipokwisha aliwasha taa.

"Mmejifunza nini?"

Valentine alisema amejifunza kumfunga jogoo. Bravin alisema amejifunza kwamba yeye ni nyota, wakamzomea. Anyona alisema amejifunza kubeba betri za akiba, akaketi.

"Kosa kubwa hamjalitaja," mwalimu alisema. Alizima taa tena, akarudisha picha nyuma, akaisimamisha kwenye uso wa Bathsheba, mkubwa sasa, umejaa ukuta mzima. "Kwenye kiskrini cha kamera hamkuliona, sawa. Hapa mnaliona? Binti anaulizwa kama anawajua wageni. Mchumba yuko kushoto kwake. Yeye anaangalia wapi?"

"Kulia," darasa likajibu.

"Kulia kuna nani?"

Valentine alifumba macho akikumbuka. "Taa ilikuwa huku. Mimi huku. Hapo kulikuwa..." Akafumbua macho akageuka. "Kulikuwa Anyona."

Mwalimu aliwaonyesha picha zote za marudio. Kila mara mzee alipouliza, macho ya binti yalimruka Bravin yakaenda kulia, chini kidogo, mahali ambapo mtu amepiga goti. Kila mara yalingoja hapo kidogo, ndipo akajibu.

"Msichana huyu hakuigiza hata sekunde moja," Mwalimu Nyangau alisema. "Mtu wa sauti naye alikuwa amelala."

Darasa likavunjika mbavu. Anyona alisimama, akakanyaga begi la mtu, akatoka nje bila kuaga.

Daraja Mbili mwavuli ulikuwepo lakini cherehani haikuwepo. Mama wa ndizi alimtazama juu hadi chini.

"Wewe ndio yule wa paka. Bathsheba ameenda kwao. Mlimharibia jina, vijana. Mlikuja mkala kuku ya wazee, mkapotea. Watu wa kwao wanasema ameposwa na akaachwa kabla ya ndizi kuiva. Wanamwita bibi ya video."

Mchana ule ule alikuwa Kebirigo. Mzee Obwocha alimpa kiti kile kile na maziwa ya moto, kwa sababu mgeni ni mgeni, lakini hakumwuliza habari za safari.

"Esigani hurudi na jibu," mzee alisema. "Wewe ulipotea."

Ndipo neno likamwangukia Anyona kwa uzito wake wote. Aliweka kikombe chini.

"Mzee, mimi sikuwa esigani. Ilikuwa filamu ya chuo. Yule kijana alikuwa anaigiza."

"Binti yangu aliniambia hivyo mlipokwisha kuondoka. Sikumwamini. Nikamuuliza, mbona yule kijana aliuliza majirani wangu wako vipi? Mtu wa filamu anataka nini na ugomvi wa mpaka?"

"Nilihofia kelele, mzee. Na vyumba, niliuliza kwa ajili ya mwanga."

"Mwanga." Mzee alilitafuna neno hilo. "Nilisimama mbele ya watu wa kanisa langu, nikamuuliza mtoto wangu neno ambalo baba huuliza mara moja. Nyinyi mlikuwa mnatafuta mwanga."

Anyona alisema lile alilopaswa kulisema kwenye ngazi za Jogoo miezi mingi nyuma, na alilisema kwa mtu asiyehusika, kwa kukosa ujasiri wa kumngoja anayehusika. "Nampenda Bathsheba. Mimi. Nilimpenda kabla ya filamu."

Mzee hakukasirika, na hilo lilimtisha Anyona zaidi.

"Una watu?"

"Mama alifariki. Baba sikumjua."

"Sijauliza waliokufa."

"Kuna baba mdogo, Thadeus. Yuko Nyamache. Tulikosana kwenye mazishi ya mama. Alitaka nibaki nilime, nikamjibu vibaya mbele ya watu. Hatuongei."

"Basi watu unao," mzee alisema akiinuka. "Ni vile hutaki kuwaomba."

Bathsheba alikuwa akipanda kutoka shambani, kikapu cha majani chai mgongoni, gambuti miguuni, sweta ya baba yake imemfika magotini. Alimwona akasimama. Kisha akatua kikapu, akafuta mikono, akamsindikiza mgeni barabarani kama adabu inavyotaka. Walitembea katikati ya majani chai bila kugusana.

"Nimekuona kwenye picha," Anyona alisema. "Ulikuwa unaniangalia mimi."

"Ilihitaji watu wangapi wakuonyeshe?"

"Darasa nzima. Na mwalimu."

Karibu acheke, akajizuia. "Kila wakati baba aliniuliza, nilikuwa nangoja uinue kichwa. Uinue tu, hata kidogo. Ulikuwa unaangalia hicho kidude."

"Nilisikia, Bathsheba. Nilisikia ni kweli."

"Ulisikia, ukachukua ukampa Bravin."

Upepo ulipita juu ya majani. Anyona alitaka kulia na hakuona sababu ya kuficha, akapangusa macho kwa kiwiko. "Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Niliumia sana, nililala na simu mkononi kama mjinga, halafu nikakusamehe. Lakini kwetu sitoki kwa samahani. Baba amechekwa. Sasa wewe unakuja peke yako, kama mtu amekuja kuazima jembe." Walikuwa wamefika barabarani. Alisimama upande wa ndani wa lango. "Kaa peke yako ukipenda, ni maisha yako. Mimi siwezi kukaa na wewe kwenye upweke huo."

Akamngoja aondoke. Anyona alitoa simu mfukoni. Namba ya Nyamache alikuwa hajaipiga tangu mazishi, akaipiga. Ililia hadi akadhani haitapokewa.

"Nani?"

"Ni mimi, baba mdogo. Ni Anyona."

Alisikia kuku wakiparua, redio mbali, mlango ukisukumwa, na pumzi ya mzee aliyekuwa amesimama ghafla. Alingoja matusi. Aliyastahili.

"Umekula?" Thadeus aliuliza.

"Bado. Baba mdogo, nilikukosea. Na kuna mahali nataka... kuna nyumba nahitaji uje na mimi. Sina mwingine."

"Kuna msichana?"

"Yuko."

"Wa kina nani?"

"Wa Mzee Obwocha, Kebirigo."

Thadeus alikohoa mbali na simu, akarudi, na sauti yake haikuwa imara. "Sisi tulidhani umetukataa. Kiti chako bado kiko. Nije lini?"

Hapo Anyona akaanza kulia. Alisimama barabarani, mabega yakimtetemeka, simu sikioni, hawezi kusema Jumapili wala Jumatatu. Upande wa pili mzee alikuwa akiita, "Haloo? Haloo?"

Bathsheba alifungua lango akatoka. Alimwondolea simu mkononi taratibu.

"Jumapili," alisema. "Mje mapema, jua halijakuwa kali."

"Na wewe ni nani?"

"Ndio mimi mnakuja kuona," Bathsheba alisema, na kwa mkono uliobaki akamshika Anyona asije akaanguka.